Ukinasa Samaki Mkubwa, Shusha Fimbo

Kolekole mkubwa wa kwanza niliyemnasa kwa fimbo na rili nilimpoteza ndani ya dakika moja, na fimbo nikaipoteza pia. Tulikuwa kwenye boti ya faiba nje ya Kimbiji, kusini mwa Dar es Salaam, upepo wa kusi umeshatulia. Mshipi ulipovutwa nikafanya kile nilichozoea kukiona kwenye picha: nikainua fimbo mpaka ncha ikatazama mawingu, mkono wa kushoto nikaupandisha juu ya mshikio nikidhani naongeza nguvu. Ikakatika hapohapo juu ya vidole vyangu, kwa mlio wa tawi kavu la mwembe. Kolekole akaingia mwambani na mshipi ukakatikia huko.

Nahodha wetu ni mzee aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu ujana wake. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, wewe hukumvuta samaki. Umevuta fimbo." Maneno hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, maana kila mwezi naona vijana wakitoka Kunduchi na Msasani na vifaa vya bei kali, kisha wanarudi na hadithi ileile.

Kama huamini, fanya nilivyofanya uani kwetu. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana ambayo hupimia samaki sokoni Feri. Ifunge kwenye shina la mnazi, pitisha mshipi kwenye vipete vya fimbo, ufunge kwenye mizani, kisha rudi nyuma hatua kumi na tano. Mtu mwingine asome sindano. Mimi alinisomea mpwa wangu. Niliposimamisha fimbo wima na kuvuta mpaka kiuno kikauma, akapaza sauti, "Mjomba, hata kilo mbili haijafika!" Nikashusha ncha mpaka usawa wa kifua, kitako cha fimbo nikakikaza nyongani, nikaegemea nyuma kwa uzito wa mwili. Sindano ikapita kilo tano, na mgongo wala haukuuma.

Sababu yake ni kwamba fimbo ni wenzo, na samaki ndiye aliyeshika upande mrefu. Ukiisimamisha wima, inayojikunja ni ile sehemu nyembamba ya nchani, ambayo haina nguvu ya kumgeuza mnyama wa kilo ishirini. Ukiishusha, mkunjo unahamia kwenye unene ulio karibu na mikono yako, na wenzo wa samaki unafupika. Mimi sipitishi nyuzi 45 kutoka usawa wa maji. Wala usiilaze kabisa ikamwelekea samaki, kwa sababu ikinyooka na mshipi haimezi tena mshtuko, na mshtuko wote unaishia kwenye fundo. Na mkono usipande juu ya mshikio. Hilo nimelilipia.

Breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo, ipimwe kwa mizani hiyohiyo kabla hujaondoka nyumbani: kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 15 unataka breki ya kilo 4 hadi 5, basi. Kuna jambo hapa linalowaponza wengi. Samaki akichukua mshipi mwingi, bobini, yaani kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, inakonda, na breki inazidi kuwa ngumu yenyewe bila wewe kuigusa. Bobini ikibaki nusu ya upana wake, anahitaji nguvu maradufu kuuvuta mshipi uleule. Sisi kwa hofu ndipo tunapokaza. Legeza kidogo.

Nguru mpe mbio zake za kwanza. Anakwenda kasi kweli, na ukimzuia hapo ndoana inachana mdomo. Kolekole ni kinyume chake. Sekunde za mwanzo ndizo zako, kwa sababu anajua mwamba wake ulipo.

Kumleta juu, inua fimbo kiasi cha dhiraa moja tu, kisha ishushe huku unazungusha rili, mshipi usilegee hata kidogo. Usizungushe rili wakati breki inaachia mshipi, utausokota bure. Bandu bandu huisha gogo: miinuo mifupi ishirini humchosha jodari kuliko mitano mirefu, kwa sababu hapati nafasi ya kugeuza kichwa. Jodari akiwa chini ya boti huzunguka. Mzunguko ukimleta upande wako, chukua mshipi. Ukimpeleka mbali, shikilia tu.

Akikimbilia kulia, laza fimbo kushoto, ncha karibu na maji, kisha badilisha upande akibadilisha. Samaki huenda kichwa chake kinakoelekea, na kuvutwa kutoka ubavuni kunamvuruga. Sulisuli akiruka ndiye pekee wa kumwelekezea ncha ili mshipi ulegee, vinginevyo anaukata kwa uzito wake akiwa hewani.

Wengi hupotea ubavuni mwa boti, tukishaanza kushangilia. Mshipi ukiwa mfupi hauna mnyumbuliko, kwa hiyo breki ilegezwe kidogo. Akipiga mbizi chini ya boti, chomeka ncha majini, tembea naye kwenda tezi (nyuma) au omo (mbele) mpaka mshipi uachane na propela. Usimnyanyue kwa fimbo. Rudi hatua moja nyuma, mwenzako afanye kazi ya kulabu.

Niseme pia kwamba Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, hapo nje ya Dar es Salaam, ni hifadhi za bahari tangu 1975. Tunapita tu, hatutupi ndoana pale, na samaki wakubwa tunaowapata nje naamini wanatokana na utulivu huo.

Msimu uliopita nilimpata jodari nje ya Kimbiji, nahodha yuleyule. Dakika arobaini. Alipoonekana, mgongo wa buluu na mapezi ya njano yakimeta chini yetu, mikono yangu ikaanza kupanda yenyewe. Mzee alikuwa ameinama na kulabu, hata hakunitazama.

"Shusha," akasema. Nikashusha.