Kabla hujasema santuri inalia vizuri kuliko fleshi

Mvua ya Tukuyu ikipiga bati husikii kitu, hata redio uifungulie mpaka mwisho. Ndiyo maana kwa baba mdogo santuri tunasubiri kuzisikiliza mvua ikikatika. Anavuta sanduku la mbao kutoka chini ya kitanda, anafuta mikono, anachomoa sahani moja kwa kushika ukingo na kitobo, vidole visiguse mistari. Sanduku ni la babu. Babu alifanya kazi kwenye migodi ya shaba Kitwe, Zambia ya leo, kama wanaume wengi wa Rungwe wa wakati wake, na aliporudi alikuja na mablanketi, baiskeli na mashine ya kupigia santuri. Sahani zenyewe alizinunua baadaye kidogo kidogo, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970. Zipo 41.

Mabishano yetu kwa miaka yalikuwa yaleyale. "Umelisikia gitaa la besi hilo, mwanangu? Kwenye fleshi yako limekwenda wapi?" Nilikuwa sina jibu, maana nikiweka wimbo uleule kutoka kwenye fleshi, sauti inakuwa kavu, matoazi yanachachatika kama mafuta kwenye kikaango, na katikati ya ubeti anaingia jamaa kutangaza kibanda chake cha kuingiza nyimbo. Nikaamini kwamba dijitali ndiyo iliyouharibu muziki.

Sasa siamini tena hivyo. Ninaandika kwa sababu nina rafiki Iringa aliyetumia akiba yake yote kununua mashine ya santuri akidhani ndiyo njia pekee ya kupata sauti nzuri, na nina jirani hapa Mbeya aliyetupa santuri za baba yake jalalani kwa kuwa nyimbo "zipo mtandaoni". Wote wawili waliniuma.

Kilichonibadilisha ni kufuatilia asili ya ule wimbo wa kwenye fleshi. Mtu wa kibanda alinieleza bila kuficha. Wimbo aliutoa kwenye kaseti. Kaseti ilirekodiwa kutoka kwenye santuri iliyochakaa. Halafu akaubana kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ili nyimbo nyingi ziingie kwenye memori kadi. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo hapo imebaki chini ya moja ya kumi. Ubanaji wa MP3 hutupa kile ambacho sikio linatarajiwa lisikigundue. Ukifanywa kwa kilobiti 320 kutoka kwenye rekodi safi, mimi sitambui tofauti. Ukifanywa kwa 128 kutoka kwenye kaseti iliyochoka, matoazi huenda kwanza. Nilichokuwa nalinganisha, basi, ilikuwa santuri na kitukuu chake.

Nikaamua kurekodi mwenyewe. Nilichukua sahani moja, nikaiosha, nikaunganisha mashine na laptopu, nikairekodi bila kuibana. Jioni nikamkalisha baba mdogo akiwa ameipa mashine mgongo. Santuri na rekodi yake vikapiga pamoja, sauti nimezisawazisha, mfuniko wa mashine nimeufunga, na mimi nabadilisha kwa swichi ya amplifaya. Kazi yake ilikuwa kutaja kipi kinalia. Mara kumi, akapatia tano. Alinyamaza muda, akasema, "Kumbe aliyeharibu si kompyuta. Ni njia iliyopita."

Kuna maneno nayasikia sana, kwamba dijitali inakata sauti vipande vipande na kuacha mapengo, wakati santuri inabeba wimbi zima. Si kweli. CD huchukua vipimo 44,100 kila sekunde. Hesabu ya wataalamu wa mawasiliano Harry Nyquist na Claude Shannon inaonyesha kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, wimbi lote linaweza kurudishwa lilivyokuwa. Sikio la kijana mzima huishia karibu na hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na likizeeka hushuka. Kinachotoka kwenye spika ni wimbi laini, hakina ngazi wala pengo. Halafu umbali kati ya ukimya na kelele: CD ina desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi, santuri nzuri mara nyingi iko kati ya 60 na 70.

Santuri ina mipaka ya mwili wake. Besi nzito hutaka kijifereji kipana cha kupita sindano, kwa hiyo wakati wa kuchonga besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, iliyokubaliwa miaka ya 1950, na kifaa cha kupigia hugeuza kinyume. Kisha kuna suala la katikati ya sahani. Santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi, sindano ikiwa ukingoni inapita sentimita 50 hivi kwa sekunde; ikikaribia lebo inapita kama 21 tu, na wimbo uleule unabanwa kwenye njia fupi. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande mara nyingi una "s" zinazogeuka "sh". Ukitaka kupima mashine yako au sindano yako, sikiliza hapo, usisikilize wimbo wa kwanza.

Mbona basi santuri hupendeza? Sababu moja ni mabadiliko madogo ya sauti yanayoongezwa na sindano na mashine, ambayo masikio yetu huyapenda. Nyingine ni mkono wa fundi aliyeandaa sauti. Tangu miaka ya 1990 CD nyingi zilitengenezwa kwa kukandamizwa ili zilie kwa nguvu kuliko za wengine, mpaka ngoma na sauti ya mwimbaji vinakaa kimo kimoja. Ukiweka CD ya namna hiyo kando ya santuri ya zamani ya albamu ileile, santuri itashinda, na itakuwa imeshinda kwa haki. Lakini ushindi huo ni wa fundi.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Hili ndilo linalodanganya watu wengi. Tofauti ya desibeli moja tu, sikio haliisomi kama "kubwa zaidi", linaisoma kama "tamu zaidi". Kisha hakikisha ni rekodi ileile kutoka chanzo kilekile. Na mtu anayesikiliza asione kinachopigwa.

Ukiamua kununua mashine ya mtumba, igeuze usome kibandiko cha nyuma kabla hujatoa pesa. Nyingi hutoka Japani, zimeandikwa volti 100. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 zetu zinaungua hapohapo, kwa hiyo zitafutie transfoma ya kushusha volti. Angalia na hezi. Baadhi ya mota hufuata mtetemo wa umeme, na iliyotengenezwa kwa hezi 60 ukiiweka kwenye 50 zetu, santuri ya mizunguko 33 itazunguka karibu 28, na mwimbaji atalia kama mgonjwa. Rafiki yangu wa Iringa aliuziwa ya namna hiyo, akahangaika miezi akidhani sahani zake mbovu.

Mimi kosa langu lilikuwa jingine. Nilichomeka mashine kwenye tundu la kawaida la amplifaya, sauti ikatoka nyembamba na hafifu, nikailaumu sindano. Kichwa cha sindano hutoa milivolti kama 5 tu, na bado besi haijarudishwa. Lazima upitie tundu lililoandikwa PHONO, au kifaa kidogo cha kati kinachofanya kazi hiyo. Mvumo ukibaki, funga ule waya mwembamba wa ethi kwenye skrubu ya nyuma ya amplifaya.

Na ile shilingi! Baba mdogo, kama watu wengi wa wakati wake, alikuwa amebandika shilingi ya zamani, ile yenye kichwa cha Mwalimu, juu ya mkono wa sindano ili isiruke. Nilipoibandua, gundi ilikuwa imekuwa nyeusi. Uzito ule unachimba kijifereji kila unapopiga, na kilichochimbwa hakirudi. Sindano nyingi za kisasa zinataka gramu 1.5 hadi 2.5, soma karatasi ya sindano yako. Mimi napima kwa mzani mdogo wa dhahabu nilioazima kwa rafiki wa Chunya, maana kwa wanunuzi wa dhahabu mizani ya namna hiyo haikosekani.

Kuosha natumia maji yale yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari (uliza vizuri usije ukapewa asidi), tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mistari, sikati katikati. Lebo isilowe. Sahani nzito za zamani za mizunguko 78 usizipake spiriti kabisa, inayeyusha shelaki zilizotengenezwa nayo, na zinahitaji sindano yao pana. Huku kwetu kwenye unyevu, ukungu ndio adui: simamisha sahani wima, mbali na ukuta wa nje na mbali na moshi wa jiko. Nimewahi kumwachia fundi mmoja sahani tatu, akaziweka dirishani juani. Zilirudi zimepinda kama chapati.

Kurekodi, programu ya bure ya Audacity inatosha. Narekodi biti 24 kwa vipimo 96,000 kila sekunde, ambayo hula megabaiti kama 35 kwa dakika, nikiacha kilele cha sauti kifike desibeli 6 chini ya kikomo. Nahifadhi faili la WAV, lile lisilobanwa, bila kuligusa, sehemu mbili tofauti, kisha nakala nyingine ndiyo naisafisha. Kusafisha nako taratibu. Ukifuta kila mkwaruzo unafuta na pumzi ya mpiga tarumbeta.

Haraka yangu ina sababu. Bendi zetu nyingi zilirekodi kwenye tepu za Radio Tanzania, na nyingine zilisafiri hadi Nairobi ambako santuri zilikuwa zikichapwa. Nyimbo kadhaa za babu nimezitafuta mtandaoni sijazipata, au nimepata sehemu ya kwanza tu. Mwenye kuzijua sahani ndogo ataelewa maumivu hayo: wimbo umegawanywa pande mbili, maneno upande wa kwanza, na magitaa yanapoanza kuchemka unageuza. Aliyenakili upande mmoja amebaki na hadithi bila ngoma.

Nimemaliza sahani 27. Nikirudi likizo ya Desemba tutaendelea na 14 zilizobaki, na nimegundua hatuhitaji tena kusubiri anga. Hakuna maikrofoni, sauti inapita kwenye waya, mvua ya bati haiingii kwenye rekodi. Kinachoingia ni vishindo vya miguu, kwa hiyo watoto wanaambiwa wasikimbie sebuleni. Tunarekodi mvua ikinyesha, baba mdogo anaitazama sindano, mimi natazama mishale kwenye laptopu. Ikikatika, tunasikiliza.