Ukitaka kuusoma Ufunuo wa Ibrahimu

Usianze na maono. Fungua kwanza Mwanzo 15, uiache wazi pembeni. Kitabu hiki cha kale cha Kiyahudi, ambacho hata waliosomea teolojia wengi hawakijui, kimejengwa juu ya sura hiyo, na mimi kilinifungukia nilipovisoma vyote viwili sambamba.

Katika Mwanzo, ndege wanashukia nyama za sadaka, Ibrahimu anawafukuza, basi. Humu ndege mchafu anatua, anafukuzwa, kisha anasema! Anamshawishi Ibrahimu akimbie, amwache malaika anayemwongoza. Malaika Yaoeli anamfichua: huyu ni Azazeli, jina lile lile la Walawi 16, la mbuzi anayepelekwa jangwani na dhambi za watu. Na kweli Yaoeli anatamka kwamba uharibifu uliokuwa juu ya Ibrahimu umemhamia Azazeli, na vazi lake la mbinguni sasa ni la Ibrahimu. Bila Walawi mkononi, hayo yote yanakupita.

Sura nane za mwanzo ni nyepesi, zifurahie. Ibrahimu anamwachia Barisati, mungu wa mti aliyechongwa na baba yake Tera, kazi ya kulinda moto wa chakula. Akirudi anamkuta chali, miguu inaungua. Tera anamsifu Barisati kwa kujitoa ili chakula kiive, na anaahidi kuchonga mwingine! Msomaji Mwislamu atakumbuka masanamu ambayo Ibrahimu anayavunja katika Suratul Anbiyaa ya Kurani. Marabi nao wana kisa chao katika Bereshit Raba, ufafanuzi wao wa kale wa kitabu cha Mwanzo. Usikimbilie kuamua nani kachukua kwa nani.

Sasa tahadhari. Kitabu kimetufikia kwa Kislavoni cha kanisa pekee, lugha ya kale ya ibada ya Waslavi, katika nakala za mkono kama Kodeksi ya Silvesta ya karne ya 14. Wataalamu wanaona Kiebrania nyuma yake na Kigiriki katikati, kwa hiyo usijenge hoja juu ya neno moja. Sura ya 29, yenye mtu anayepigwa na kusujudiwa, wengi wanaona imetiwa mkono wa Mkristo. Iache kwanza.

Tulia zaidi kwenye sura ya 27. Hekalu la Yerusalemu linachomwa mbele ya macho ya Ibrahimu, na anamuuliza Mungu kwa nini. Warumi waliliteketeza mwaka 70 baada ya Kristo, na watafiti wengi wanaamini mwandishi aliandika baada ya hapo. Swali lile ni lake mwenyewe.