Kabonara iliyokatika na piza iliyolowa

SWALI: Salaam mhariri. Jumapili tulikwenda Malindi, watu sita, kula chakula cha mchana kwenye mkahawa wa Kiitaliano. Spageti kabonara yangu ilifika baada ya dakika tano tu: tambi zimerojeka, mayai yamegandana vipande vipande, na chini ya sahani maji meupe. Piza ya mume wangu ilikuwa imelowa katikati; ukiinua kipande, jibini lote linateleza. Risoto ya dada yangu ilikuwa wali uliotiwa krimu. Mavyaa wangu aliomba jibini kwenye tambi za kamba, mhudumu akamwambia haliwekwi. Bili ikaja na asilimia 10 ya huduma juu yake. Ndivyo Waitaliano wanavyokula, ama tulipunjwa? — Msomaji, Mtwapa

JIBU: Mlipunjwa, dada, ila kwa jibini la mavyaa wako, hapo mhudumu alikuwa na sababu, tutafika huko.

Tuanze na hizo dakika tano, maana ndizo zinazotoboa siri. Spageti kavu huiva kwa dakika 8 hadi 11. Iliyofika mezani kwa dakika tano ilichemshwa mapema, ikachujwa, ikapakwa mafuta isishikane, ikawekwa frijini. Ulipoagiza ikachovywa tu kwenye maji moto. Kwa sosi nzito ya nyama hila hii huweza kupita. Kwa kabonara haipiti. Mafuta yale huizuia sosi kushika, ikateleza yote hadi chini ya sahani, na maji ya kuchemshia, yenye wanga unaounganisha mayai na jibini, yalishamwagwa zamani.

Mayai nayo ni kama tui: ukilitokosa ovyo linakatika. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi joto 65 hivi, na kikipita 70 kinaganda, ilhali kikaango kilicho juu ya moto kimepita 100. Mpishi aliyemimina mayai kabla ya kuzima moto alikukaangia mayai, basi. Yai likiganda namna hiyo hutema maji, na ndiyo hayo uliyoyaona, pamoja na yale ya kuchovyea ambayo hayakuchujwa vizuri. Wengi hutia krimu, ambayo katika kabonara ya Roma haimo, kwa sababu krimu huvumilia moto kuliko yai. Hatuwagombezi sana kwa hilo. Spageti ya kiporo ndiyo kosa kubwa zaidi, tena Malindi, ambako Waitaliano wapo tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha setilaiti kutoka Ngomeni.

Ukitaka kuijaribu nyumbani, kwa watu wanne chukua spageti gramu 400, maji lita 4 na chumvi gramu 30 hadi 40. Koroga pamoja viini vinne, yai moja zima, jibini la pecorino gramu 100 lililokunwa laini, na pilipili manga uliyoitwanga wakati huo huo. Waroma hutumia shavu la nguruwe lililokaushwa. Asiyekula nguruwe atumie bekoni ya ng'ombe gramu 150, aikaange polepole na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya zeituni, kwa kuwa yenyewe haina shahamu ya kutosha. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha maji ya tambi. Tia tambi kwenye kikaango chenye bekoni, geuza, ZIMA MOTO, hesabu hadi sitini, ndipo umimine mayai huku ukigeuza bila kusimama na kuongeza maji yale kijiko kwa kijiko. Ikiwa bado nyepesi, weka kikaango juu ya sufuria inayofuka mvuke na uendelee kukoroga, usikirudishe motoni.

Piza ya bwana inahitaji uangalifu kidogo, kwa sababu ile ya Napoli huwa laini katikati kwa asili yake. Huokwa kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye tanuri la nyuzi 430 hadi 480, na kipande chake huinama. Kuinama peke yake si kosa. Kata kipande uangalie ubavu wake: ukiona chini ya sosi utando wa kijivu unaonata, kama chapati isiyoiva, hiyo ni mbichi, na upande wa chini utakuwa mweupe bila madoa ya kahawia. Adui hapa ni maji. Mozarela mbichi hukaa ndani ya maji, kwa hiyo hukatwa na kuachwa kwenye chujio saa moja au mbili kabla ya kutumika, na sosi ya nyanya isizidi gramu 80 kwa piza moja. Kisha ni Jumapili mchana, oda zimerundikana: kila piza huchukua joto la sakafu ya tanuri, na mpishi mwenye haraka haisubiri ipate moto tena.

Risoto haina mengi. Mchele wake ni arborio au karnaroli, unaotoa wanga na kuwa mzito wenyewe, na huchukua dakika 16 hadi 18 ukikorogwa na supu moto. Pishori haushikani, ndiyo maana tunaupenda kwenye pilau. Krimu ilitiwa kuficha hilo. Risoto sawasawa, ukigonga sahani, hutambaa kama wimbi.

Waitaliano wengi hawaweki jibini kwenye samaki wala kamba, kwani hufunika ladha ya bahari. Lakini mlaji ndiye anayelipa. Ilitosha kusema, "Kwa kawaida hatuweki, mama, ila nitakuletea."

Kuhusu bili: VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2 ni vya serikali. Ile 10 ya huduma huwekwa na mkahawa wenyewe. Kama haikuandikwa kwenye menyu, omba iondolewe. Na sahani mbovu hurudishwa baada ya tonge la pili, si baada ya kumaliza nusu.

SWALI: Mimi hutia mafuta kwenye maji ya tambi zisigandane. Nakosea? — Msomaji, Tanga

JIBU: Unapoteza mafuta. Huelea juu, kisha hupaka tambi unapozichuja. Ongeza maji, lita moja kwa kila gramu 100, na ukoroge dakika mbili za mwanzo. Hapo ndipo hushikana.