Tenisi ya wawili wawili: anayechuchumaa wavuni, pointi moja ya 40-40 na seti ya tatu isiyochezwa

Mkuu, umeuliza mambo matatu baada ya kuangalia fainali ya wawili wawili kwenye shindano la ATP (chama cha wanaume wa tenisi ya kulipwa): kwa nini 40-40 iliamuliwa kwa pointi moja, seti ya tatu ilikwenda wapi, na yule aliyekuwa anachuchumaa karibu na wavu mwenzake akipiga servisi (mpira wa kuanzisha pointi) alikuwa anafanya nini. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo lililobeba mchezo wenyewe.

Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 10.97, wa mmoja mmoja mita 8.23. Ziada ni zile njia mbili za pembeni, mita 1.37 kila moja. Wengi wakiona upana huo hudhani pointi zinapatikana pembeni, kumbe nyingi zinapatikana katikati. Wavu katikati una kimo cha sentimita 91.4 tu, lakini kwenye nguzo unafika 107. Mpira wa katikati unapita pale wavu ulipo chini, tena unawaacha wapinzani wakitazamana nani aupige.

Kwa kawaida mwenzake na mpigaji servisi husimama wavuni kwenye nusu yake, na mpokeaji anajua njia salama ni kurudisha mpira kwa mshazari, mbali naye. Sasa mtu huyo akichuchumaa juu ya mstari wa kati, kichwa kikiwa chini ya ukingo wa wavu, njia hiyo salama inapotea. Mpokeaji hajui ataibukia kulia au kushoto. Mpigaji naye husogea karibu na alama ya katikati ya mstari wa nyuma, ili akishapiga akimbilie upande ambao mwenzake ameuacha. Wote wawili wanakuwa kwenye mstari mmoja, ndiyo maana mpangilio huu huitwa wa herufi I. Tazama mkono ulioko nyuma ya mgongo: ishara ya kwanza inasema servisi ipelekwe wapi, ya pili inasema yeye atakimbilia upande gani. Servisi ya kwanza ikikosa, ishara hutolewa upya, kwa sababu servisi ya pili ni ya polepole na mpango hubadilika.

Mpango huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Mtu wa wavuni akiondoka mapema, mpokeaji anamwona na kupiga pale alipotoka. Muda mzuri ni pale macho ya mpokeaji yameshashuka kwenye mpira na raketi inaanza kwenda mbele. Servisi ikienda pembeni sana, mpokeaji anapata pembe mbili, ya mshazari mkali na ya kunyoosha pembeni, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuziba zote. Kwa hiyo servisi nyingi za mpangilio huu hulenga karibu na mstari wa kati au mwilini. Na mtu wa wavuni asipochuchumaa vizuri, servisi ya mwenzake humpiga yeye mwenyewe: hiyo huhesabiwa kosa la servisi, na kama ilikuwa ya pili, pointi imekwenda. Servisi ikimgusa mwenzake na mpokeaji kabla haijadunda, pointi ni ya mpigaji.

Kuhusu 40-40: kwenye mashindano ya kawaida ya ATP na WTA (chama cha wanawake), wawili wawili hawachezi advanteji, yaani kutakiwa kushinda pointi mbili mfululizo baada ya 40-40. Ikifika hapo inachezwa pointi moja ya kuamua, na wapokeaji ndio wanaochagua apokee aliye upande wa kulia au wa kushoto, ila hawaruhusiwi kubadilishana nafasi. Uamuzi huo mdogo una uzito mkubwa. Mara nyingi huchaguliwa mwenye mkono mtulivu zaidi wa kurudisha servisi, si mwenye nguvu zaidi, kwa sababu kinachotakiwa ni mpira wa chini miguuni mwa wanaokuja wavuni.

Seti zikiwa 1-1, badala ya seti ya tatu inachezwa taibreki (gemu ya kuamua inayohesabiwa pointi moja moja) ya pointi 10, kwa tofauti ya pointi 2. Kwenye Grand Slam, yale mashindano manne makubwa, mambo ni tofauti: wanaume wawili wawili, na wanawake vilevile, wanacheza advanteji na seti ya tatu kamili, na ikifika 6-6 ndipo taibreki ya 10 inaingia. Wimbledon iliwachezesha wanaume seti tatu za ushindi kati ya tano hadi mwaka 2022. Tangu 2023 ni mbili kati ya tatu.

Jambo ambalo hukuuliza, na ambalo mimi naona watazamaji wengi hulipita, ni mpangilio wa servisi. Wachezaji wanne hupokezana, na pande hubadilishwa baada ya gemu ya 1, 3, 5 na kuendelea. Ukifuatilia gemu moja moja utagundua kwamba ndani ya seti, kabla ya taibreki, kila mchezaji anapiga servisi kutoka upande uleule wa uwanja. Ukimpanga vibaya mmoja, atapiga seti nzima akiangalia jua au upepo ukimjia usoni. Sheria inaruhusu jozi kubadili zamu mwanzoni mwa kila seti, na hapo ndipo jozi yenye mtu wa mkono wa kushoto na wa mkono wa kulia inapofaidi: jua linalomuumiza mmoja akirusha mpira juu linaweza lisimsumbue mwenzake. Ndugu Bob na Mike Bryan, waliotwaa mataji 16 ya Grand Slam pamoja, walikuwa hivyo, Bob wa kushoto na Mike wa kulia.

Ruhusa hiyo inahusu pia taibreki ya pointi 10 inayochukua nafasi ya seti ya tatu. Zamu ya timu haibadiliki, ila ndani ya jozi mnaweza kuamua upya nani aanze. Anayeanza anapiga pointi moja, kisha kila mtu mbili mbili, na pande hubadilishwa kila pointi 6. Ikiisha 10-7, zimechezwa pointi 17: aliyeanza amepiga servisi mara 5, wengine watatu mara 4 kila mmoja.