Kusafisha maganda ya risasi kabla ya kuyajaza tena: ni lazima?

Mkuu, umeuliza kama ni lazima kusafisha maganda unayookota uwanjani huko Texas kabla ya kuyajaza tena, au ni urembo tu. Mng'ao ni urembo. Ganda lililofifia rangi linafanya kazi sawa na linalong'aa. Lakini mchanga na tope lazima viondoke, maana chembe moja ikinasa kwenye kalibu (chuma kinachorudishia ganda umbo lake) itakwaruza kila ganda linalofuata. Tena uchafu huficha ufa, hasa karibu na kitako. Ganda lenye ufa litupe, usilionee huruma.

Kwangu, kitambaa kinatosha kwa maganda machache. Yakiwa mengi nayatia kwenye mashine ya kutikisa pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ukiosha kwa maji, yakauke kabisa hadi ndani, la sivyo unyevu utaharibu baruti.

Tafadhali usiguse sabuni yenye amonia, kama zile za kusafishia vioo. Maganda haya ni shaba iliyochanganywa na zinki, na amonia huipasua. Jeshi la Uingereza lilikutana na balaa hilo India: maganda ya risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi yaliingia nyufa msimu wa mvua, na mkojo wa farasi ndio uliotoa amonia.

Linalonisumbua zaidi ni vumbi. Masalia ya fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) yanayobaki kwenye maganda yana madini ya risasi, ambayo ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Fungulia mashine nje, vaa barakoa, nawa mikono kabla ya kula, na kamwe usifanyie kazi hii jikoni.