Mwenzako amefunga, na pikipiki imemlalia mguu

Msomaji mmoja ameniandikia: kazini kwao wanasambaza vifurushi kwa pikipiki, madereva wengi ni Waislamu, yeye si Mwislamu, na Ramadhani inakaribia. Anauliza awasaidieje bila kuonekana anajipendekeza. Dada, umegusa penyewe.

Kuna Ramadhani tulipangiwa ratiba na mtu ambaye hajawahi kufunga hata nusu siku. Zamu ya jioni ilikuwa inaisha baada ya magharibi, kwa hiyo wenzetu walishindana na adhana barabarani. Mtu ameamkia daku, usiku alikuwa tarawehe, usingizi wa kuungaunga, koo limekauka, na mzigo wa mwisho bado uko kwenye boksi. Nikashauri zamu zibadilishwe. Nikajibiwa kwamba hapa si msikitini.

Haukupita muda, mmoja wetu akateleza kwenye kona, pikipiki ikamlalia mguu. Nilikuwa nyuma yake. Nikaiegesha yangu kabla ya kona, taa zinawaka, ili wanaokuja watuone, maana msaidizi akigongwa wanakuwa majeruhi wawili. Nikazima injini yake, petroli ilikuwa inachuruzika, tukaiinua pikipiki tukiwa wawili. Watu walishajaa, na mmoja alikuwa tayari ameishika helmeti aivute. Nilimfokea mpaka akaruka.

Helmeti haivuliwi kama majeruhi anapumua vizuri. Shingo ikiwa imeumia, mvuto mmoja tu unaweza kumpoozesha. Huivua pale tu ambapo pumzi inamshinda na huwezi kumsaidia akiwa nayo, na hapo muwe wawili: mmoja anashikilia kichwa na shingo visicheze, mwingine anaitoa taratibu. Yeye alikuwa anaongea, kwa hiyo nilipiga magoti nyuma ya kichwa chake, nikakishika kwa viganja viwili, nikamwambia asigeuke hata akiitwa. Paja lilikuwa linatoka damu. Kijana mmoja akavua shati, akalikunja, akalikandamiza pale kwa nguvu, na kila alipotaka kuinua achungulie nilimkatalia. Mwingine akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Kisha mama mmoja akaja na chupa ya maji. “Mpeni jamani, huyu amefunga!” Majeruhi wa namna ile hapewi kitu mdomoni, awe amefunga au amekula, kwa sababu anaweza kupaliwa, na akihitaji upasuaji, tumbo tupu ndiyo salama yake. Mwenyewe alikuwa anahangaikia swaumu kuliko mguu. Mimi si shehe, lakini nimekaa na Waislamu vya kutosha kujua aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara: mgonjwa anafungua, siku atazilipa baadaye. Nikamkumbusha, ili huko hospitalini asije akakataa dawa. Akatulia.

Ripoti ya kazini ikaandika kwamba “wapita njia walisaidia”. Mpita njia, mimi! Baadaye zamu zilibadilishwa, na aliyepongezwa kwa ubunifu ni yule yule wa hapa si msikitini. Sijasahau, na msiniombe nisahau.

Basi dada, chukua zamu ya jioni wewe usiyefunga. Wao wape asubuhi, daku likiwa bado linawashika. Hilo peke yake linazidi salamu zote za Ramadhani Karim mtakazorushiana kwenye kundi la kazi. Kila boksi liwe na tende na maji, ili magharibi ikimkuta mtu njiani asimame, afuturu, ndipo aendelee. Acheni kuwauliza kila siku “hata maji hunywi?”, wamechoka. Na ukimwona Mwislamu anakula mchana usimhoji. Kuna wagonjwa, kuna wajawazito, kuna walio kwenye hedhi, na hakuna anayewajibika kukueleza. Mwezi ni wa siku 29 au 30 kufuatana na mwandamo, kwa hiyo andaeni watu wa kushika zamu kwa siku zote mbili ambazo Idi inaweza kuangukia. Watu wanadai heshima huku hawawezi kumwachia mwenzao saa moja ya jioni. Aibu.

Halafu ulizia sanduku la huduma ya kwanza linakaa wapi, na ulifungue uone kilichomo. La kwetu lilikuwa kabatini ofisini, limepigwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao bosi.