Statini na nguvu ya moyo: mbona eko haijabadilika?

Swali: Daktari, baba yangu ana miaka 63. Mishipa ya moyo ilikuwa imeziba, akawekewa stenti, kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, na tangu hapo anameza atorvastatini, dawa ya kushusha lehemu ya jamii ya statini, miligramu 40 kila usiku. Eko ya kwanza, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha kila pigo moyo unasukuma nje asilimia 45 ya damu iliyojaa ndani yake. Baada ya miezi sita ni 46. LDL, ile lehemu mbaya, imeshuka kutoka 3.8 hadi 1.7 (milimoli kwa lita). Sasa mapaja yanamuuma, anasema dawa haina kazi na anataka kuiacha. Tumkubalie?

Jibu: Msimkubalie, angalau si kwa sababu ya eko. Kwanza, 45 na 46 ni kitu kilekile. Mgonjwa yuleyule akipimwa mara mbili, majibu huweza kupishana kwa pointi tano hata zaidi, kutegemea mpimaji na ubora wa picha.

La pili ndilo kubwa: statini haikuandikwa ili moyo usukume kwa nguvu zaidi. Inabana utengenezaji wa lehemu ndani ya ini, ini nalo linavuta LDL kutoka kwenye damu. Mafuta yaliyojijenga kwenye kuta za mishipa hutulia, na ngozi inayoyafunika hukaza. Ngozi hiyo ikipasuka, damu huganda hapo ghafla, mshipa huziba na sehemu ya msuli wa moyo hufa. Msuli uliokwisha kufa statini haiufufui, inaulinda uliobaki.

Tafiti zinasema hivyohivyo. Katika utafiti wa 4S wa mwaka 1994, wenye wagonjwa 4,444 wa mishipa ya moyo, simvastatini, statini nyingine, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Lakini CORONA ya mwaka 2007 iliwachukua wagonjwa 5,011 ambao mioyo yao ilikwisha dhoofika. Rosuvastatini, nayo ni statini, iliteremsha LDL vizuri, ila vifo havikupungua kiasi cha kuhesabika, ingawa kulazwa hospitali kulipungua. Ndiyo maana nasisitiza ianze mapema, isikatwe njiani.

Kama lengo ni kuinua ile asilimia 45, muulizeni daktari wake kuhusu dawa za kazi hiyo: bisoprololi, ramiprili, spironolaktoni, dapagliflozini. Statini ipimeni kwa LDL. Ya mzee imeshuka kwa zaidi ya nusu, hongera kwake, ila mwongozo wa Ulaya kwa mgonjwa kama yeye unataka iwe chini ya 1.4. Kuongeza ezetimibi, dawa nyingine ya kushusha LDL, huweza kumfikisha hapo.

Maumivu ya mapaja msiyapuuze. Apimwe kimeng'enya cha misuli, CK, na tezi ya shingo, na dawa zake zote zikaguliwe. Antibiotiki ya klarithromaisini, kwa mfano, hupandisha atorvastatini kwenye damu. Mara nyingi kupunguza dozi au kubadili aina ya statini kunatosha. Ila mkojo ukigeuka rangi ya kahawia au misuli ikalegea, asimeze kidonge kingine. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.